Siku Niliyomwambia Muuza Ruta Kwamba Tuko Saba

Haya, sogezeni viti niwasimulie, maana najua wengine mmeisikia nusunusu huko sokoni na nusu yenyewe imeshatiwa chumvi, ni heri muipate kwangu mimi mwenyewe niliyeaibika. Nianze kwa kukiri: mimi, mama mtu mzima, niliyekuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka ishirini na saba, niliyekuwa nawapigisha magoti watoto wa watu kwa kosa la kusema uongo, nilisema uongo dukani, mchana kweupe, hakuna aliyenilazimisha, na uongo wenyewe ukanifuata mpaka nyumbani kwangu Kihesa ukiwa na gari na spika mbili.

Ili mnielewe inabidi kwanza niwaambie nyumba yangu ilivyo. Mume wangu Lukelo, Baba Tumaini, alifariki huu unakwenda mwaka wa nne, tukamzika kwao Igowole. Tumaini anafanya kazi Mbeya na ana mke na mtoto mmoja, Faraja, wa miaka sita. Neema ameolewa Mtwara, na Mtwara mnaijua ilivyo mbali. Mwaka juzi na mimi nikastaafu. Sasa hebu fikirieni mtu aliyezoea wasichana mia mbili, kengele saa kumi na moja, ndoo zinagongana bombani, huyu analia kaibiwa sabuni, yule anaumwa tumbo siku ya mtihani, halafu ghafla anahamia kwenye nyumba ambayo kijiko kikianguka jikoni anashtuka mwenyewe. Mkono wangu ulikataa kabisa kujifunza kupimia unga wa mtu mmoja, nikawa nakula kiporo siku mbili mfululizo. Redio nilikuwa naiacha inaongea jikoni huku mimi niko chumbani (si kwamba nasikiliza, ila nilipenda ile hali ya kusikia mtu yuko upande wa pili).

Kilichokuwa kinaniweka hai ni Faraja. Kila Jumapili jioni Tumaini alikuwa ananipigia kwa video, na kila Jumapili bando au mtandao unanichezea. Picha inaganda, sauti inatangulia, mara inakatika kabisa. Siku moja mtoto alikuwa ananionyesha jinsi anavyoruka kamba, picha ikaganda yuko hewani, miguu imekunjwa, mdomo wazi, na akabaki huko huko juu mpaka nilipozima simu. Usiku ule nilijisikia vibaya mno, utadhani nimemwacha pale kweli.

Basi nilipokwenda Mbeya kuwasalimia, Tumaini akaniambia, "Mama, wewe nunua ruta uweke intaneti ya nyumbani, hizi shida za bando ziishe." Nikamwuliza ruta ya namna gani, maana nimesikia ziko za waya na ziko za laini. Alikuwa anafunga kamba za viatu, anachelewa kazini, akanijibu bila kuinua kichwa: "Usihangaike na kubwa, Mama, uko mtu mmoja. Chukua kile kidogo cha mfukoni, kinachoingia laini, chenye betri ili umeme ukikatika kiendelee. Angalia tu kisiwe kimefungwa kwa mtandao mmoja. Ungesubiri jioni tungeenda wote."

Ushauri mzuri kabisa. Ningeufuata leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini katika maneno yote yale mimi nilisikia matatu tu, uko mtu mmoja, na yakanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikasema sisubiri jioni ya mtu, nikajifunga kitenge, nikaenda sokoni Mwanjelwa mwenyewe.

Duka nililoingia lilikuwa la kampuni ya simu (siitaji, hawana kosa, kosa ni langu), limejaa watu, na mbele yangu kuna mama mmoja kijana kabeba mtoto mgongoni. Muuzaji anamwuliza mko wangapi nyumbani, naye anajibu kwa kujidai kabisa, "Tuko watano, kaka, na mume wangu ni mtu wa mpira, ikikwama atanifukuza!" Duka zima likacheka. Nami nikacheka, na huku nacheka nikaona zamu yangu imefika.

"Shikamoo mama," yule kijana akanisalimia. Kijana mpole, ana adabu zake, lafudhi ya Kinyakyusa inasikika vizuri.

"Marahaba."

"Karibu sana. Ruta ya ofisini au ya nyumbani?"

"Ya nyumbani. Nyumba iko Iringa."

"Na nyumbani mko wangapi, mama?"

Sijui niwaelezeje. Nyuma yangu foleni, wote wanasikiliza, na yule mama wa watano bado yupo pembeni anafunga boksi lake. Nilifungua mdomo niseme mmoja, likatoka neno lingine.

"Saba."

"Saba! Hongera mama, nyumba imechangamka hiyo."

Mngeniona nilivyonyooka mgongo! Na kwa kuwa uongo ukishaingia sebuleni unataka na kiti, yule kijana akaendelea kuuliza, nami nikaendelea kujibu. Vijana wanaangalia filamu? Wanaangalia, tena mno. Kuna wanaosoma? Wawili wako chuo, wanahitaji mtandao wa masomo. Na mjukuu naye? Yupo, anapenda katuni. Na baba?

"Baba yao ni mtu wa taarifa ya habari," nikasema. "Ikikwama dakika mbili nyumbani hakukaliki."

Hilo la taarifa ya habari halikuwa uongo, jamani. Lilikuwa limepitwa na wakati tu. Lukelo akisikia mlio wa habari kijiko kilikuwa kinabaki hewani. Nilipolisema pale kaunta nilimwona kabisa, na sikutaka kuacha kuongea.

Kijana akateremsha ruta tatu. Kile kidogo cha mfukoni, sawasawa na alivyosema Tumaini, akakisogeza pembeni kwa kidole kimoja. "Hiki mama msije mkagombana bure, watu saba wakifungua video pamoja kinachoka." Ya pili ya wastani, ina betri, akaniuliza nyumba ni ya tofali gani, nikamwambia za kuchoma, akatikisa kichwa, akasema ukuta mnene unameza mawimbi, chumba cha mwisho hawatapata kitu. Ya tatu ilikuwa kubwa kama sinia, nyeusi, antena nne zimesimama kama mabawa ya kumbikumbi. "Hii inabeba watu sitini na nne kwa wakati mmoja." Mtu mwenye akili zake hapo angejiuliza hao sitini na nne atawatoa wapi. Mimi niliuliza kama ipo ya rangi nyeupe.

Haikuwa na betri. Ilikuwa imefungwa kwa mtandao wao mmoja. Yaani kila alichonikataza mwanangu kilikuwa ndani ya boksi lile. Kisha kijana akaniambia kwa ukubwa wa familia yangu naingia kwenye kifurushi cha familia, fundi wao wa Iringa atakuja kunifungia, nijaze tu fomu. Kwenye mstari wa mkuu wa kaya nikaandika jina la mume wangu kwa herufi kubwa. Sikusita hata kidogo, na mpaka leo hilo ndilo linalonishangaza zaidi.

Jioni Tumaini akaniuliza, "Ulipata?"

"Nimepata."

"Kile kidogo?"

"Kile kile," nikamjibu, na boksi nimelizungushia khanga mbili ndani ya begi.

Sasa nimerudi Iringa, siku ya tatu simu inalia, binti wa sauti tamu. "Mama, hongera sana! Familia yako imechaguliwa kwenye promosheni yetu. Fundi akija Alhamisi tutakuja na timu nzima, tutawapiga picha, na kila mmoja atapata fulana yake. Tumeandaa saba."

Nikamwambia aa, mwanangu, wengi wamesafiri, wako chuo, wengine harusini. Akasema hamna shida mama, watakaokuwepo watatosha, cha msingi wazazi. Baba yupo?

Hapo ndipo Mungu aliniwekea mlango wazi kabisa. Ningesema, mwanangu, baba hayupo, alifariki, na binti angesema pole mama na mambo yangeishia kwenye simu. Nikasema, "Yupo." (Na nilipokata simu nikajitetea peke yangu jikoni kwamba si uongo, yupo, si yuko Igowole pembeni ya shamba la viazi? Mtu akiishi peke yake sana anakuwa wakili wa nafsi yake.)

Jumatano nikapata wazo. Jirani zangu wa ukuta ni Mzee Mgaya na mkewe, watu wema, Mzee Mgaya na marehemu walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, ndiye aliyeshika jembe la kwanza pale kaburini. Nikasema naenda kwa Mama Mgaya, namweleza ukweli, namwomba yeye na wajukuu zake waje wasimame na mimi kwenye picha, tutacheka, yataisha. Nikafika mlangoni. "Kamwene, Mama Tumaini," akanisalimia kwa Kihehe, "karibu ndani, mbona siku nyingi?" Nyumba ina kelele, wajukuu wanagombania rimoti, mtu anakaanga vitunguu. Nikasimama pale kizingitini. Mtu unaanzaje kumwomba mwenzio akuazime familia?

"Nimekuja kuomba chumvi," nikasema.

Akanipa chumvi kwenye bakuli. Nyumbani nilikuwa na pakiti tatu.

Basi Alhamisi nikaamka mapema, ukungu bado umeilalia Kihesa, nikaanza kuandaa uongo wangu kwa bidii kama ninavyoandaa sikukuu. Nikapika wali na maharage na kuku wa watu saba. Nikapanga vikombe saba mezani, viwili nikavitilia chai kidogo nikamwaga, vionekane vimetumika. Mpango wangu ulikuwa huu: wakija nawaambia jamani mmepishana nao hivi punde, wametoka wote, mtawakuta siku nyingine. Na kuutilia nguvu mpango huo nikaingia stoo nikatoa buti za mvua za Lukelo. Nguo zake nyingine zote nilishazipeleka kanisani, buti nilibaki nazo. Nikazifuta vumbi, nikaziweka kwenye kibaraza pembeni ya mlango, zimeangalia nje, kama za mtu aliyezivua sasa hivi. Nilipomaliza kuzipanga nikakaa chini kwenye ngazi na kwa muda nikasahau kabisa habari za ruta.

Saa nne nikasikia muziki. Nikadhani ni harusi ya watu. Kumbe ni gari limepakwa rangi kama pipi, spika mbili juu yake, linapanda taratibu kwenye barabara yetu ya vumbi, na nyuma yake linakokota nusu ya Kihesa, akina mama na ndoo zao, waendesha bodaboda, watu wa gengeni. Likasimama getini kwangu, fundi akashuka wa kwanza na begi lake la vifaa, akapitiliza ndani kwenye ruta. Akashuka mshereheshaji, kijana mrefu wa miwani myeusi, maiki mkononi, na mwenzake mwenye simu iliyofungwa kwenye kijiti, akaniambia tuko mubashara mama, tabasamu.

"Iringaaa! Tupo Kihesa kwa familia ya watu saba! Mama, wako wapi watu wetu?"

"Mmepishana nao," nikasema, "wametoka hivi punde wote."

"Wote?" Akageuka, akaangalia kibarazani, na miwani ile nyeusi ikatua juu ya buti. "Aaa mama, usitufiche! Viatu vya baba hivi hapa! Baba anaona aibu ya kamera!" Watu wakacheka. Akachukua fomu kutoka kwa mwenzake, akasoma, kisha akainua maiki mdomoni na kwa spika mbili zinazosikika mpaka ng'ambo ya bonde akaita: "Mzee Lukelo! Mzee Lukelo popote ulipo ndani ya nyumba hii, toka nje uchukue fulana yako!"

Nawaambieni, kicheko kilikatika kama umeme.

Maana wageni wa barabarani walikuwa hawajui, ila majirani zangu wote walikuwa wanajua. Walikaa matanga kwenye kibaraza kile kile. Mwanamke mmoja akatua ndoo yake chini polepole. Na yule kijana, masikini, akadhani baba hajasikia, akaongeza sauti. "Mzee Lukeeelo! Tunakuhesabia mpaka tano! Moja! Mbili!" Nami nimesimama, mikono imeshika khanga, najua kinachotakiwa ni kusema neno moja tu anyamaze, na neno halitoki. Miaka minne hakuna mtu aliyeliita jina lile kwa sauti pale nyumbani. Mniamini msiniamini, alipofika tatu niligeuka nikautazama mlango.

Aliyetokea hakutokea mlangoni, alitokea getini, Mzee Mgaya, kofia mkononi, anapumua kwa haraka. Akanitazama usoni. Akatazama buti. Mzee yule hajasoma sana lakini alielewa yote kwa mara moja, na moyo wake ukamtuma anisitiri kwa njia ya kwanza iliyomjia kichwani, ambayo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote.

"Nimefika, nimefika," akasema. "Nilikuwa kwa nyuma."

"Baba huyu hapa!" mshereheshaji akaruka, akamvalisha fulana juu ya koti, akamvuta mpaka ubavuni kwangu, akamwamuru aniwekee mkono begani. Mzee Mgaya, ambaye miaka yote ananiita shemeji na hajawahi hata kunishika mkono zaidi ya salamu, akaniwekea mkono begani kama anagusa pasi ya moto. "Baba na mama, mna miaka mingapi ya ndoa?"

"Ishirini," akasema Mzee Mgaya.

"Thelathini na moja," nikasema mimi wakati ule ule.

Na hapo, kutoka nyuma ya umati, ikapanda sauti ya Mama Mgaya ambaye alikuwa ndiyo kwanza anafika na mwiko mkononi: "Wewe Mgaya! Umebadili jina lini?"

Umati ukalipuka. Vijana wa bodaboda wanapiga honi, mwenye simu anacheka mpaka picha inacheza, kuna mtu anapiga kelele kwamba Mzee Mgaya kaoa mke wa pili na kapewa fulana. Mzee wa watu anajaribu kuivua fulana imemnasa kichwani, anazunguka ndani yake kipofu, mkewe anakuja na mwiko, na mimi nikaona kwamba sasa uongo wangu unakwenda kuvunja nyumba ya watu walionipa chumvi bila kuniuliza maswali. Nikanyoosha mkono nikamnyang'anya kijana maiki.

Sikuwahi kushika maiki maishani. Sikujua kwamba huhitaji kupaza sauti. Kwa hiyo nilipaza, na Kihesa yote ikanisikia.

"Mama Mgaya, mumeo hana kosa! Nilidanganya dukani. Nilisema tuko saba. Mume wangu amekufa, wote mnajua, watoto wangu wako mbali. Naishi peke yangu. Niko mtu mmoja!"

Maneno yakarudi kutoka upande wa pili wa bonde, yakanikumbusha. Hakuna aliyecheka. Mzee Mgaya hatimaye akatoa kichwa kwenye fulana. Mama Mgaya akashusha mwiko. Na katikati ya ukimya ule fundi, ambaye muda wote alikuwa ndani na spika za muziki masikioni, hajasikia chochote, akatokeza kichwa dirishani kwa furaha kabisa: "Mama, imewaka! Niandike waifai inaitwaje, familia ya nani?"

Nilicheka. Nilianza mimi kucheka, watu wakafuata, halafu kicheko changu kikabadilika njiani bila ruhusa yangu, nikawa nalia mbele ya watu wote na maiki bado iko mkononi, inalia na mimi. Mama Mgaya ndiye aliyenitoa ile maiki mkononi, kidole kimoja kimoja, akaizima, akanikalisha ngazini. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ile siku ya chumvi, ulikuja kuniambia haya?" Nikatikisa kichwa kukubali. Akasema, "Nami nikakupa chumvi," akakaa pembeni yangu.

Chakula kilikuwepo, wakala. Mshereheshaji alivua miwani, kumbe ni mtoto kabisa, macho yamemwiva kwa aibu, akala ameinamia sahani. Alipomaliza akaniuliza kwa upole kama kiruta kidogo cha mfukoni wanachouza kingemfaa mama yake, yuko Tukuyu peke yake, ana simu ndogo ya tochi. Nikamwambia kitamfaa, ila mnunulie na simu, na ukifika usimpeleke dukani, nenda wewe ukamnunulie, maana maswali ya pale kaunta si ya kumwachia mtu ayajibu mbele ya foleni.

Picha za mubashara zilifutwa, lakini mnajua dunia ya sasa, kabla ya saa saba mchana Tumaini alikuwa ameshaziona. Akanipigia. Hakunigombeza, ningependa angenigombeza. Akasema, "Mama, nilikuwa naongelea ruta tu."

"Najua, baba."

"Niliposema uko mtu mmoja. Nilikuwa naongelea ukubwa wa ruta."

"Najua. Ila ni kweli, ndiyo maana iliuma."

Akasema atakuja. Alikuja kweli, wiki mbili baadaye, Jumamosi mchana, akala, akakagua bati linalovuja, akalala, Jumapili baada ya ibada akaondoka kuwahi kazi. Siku ile kanisani mchungaji alinishika mkono muda mrefu kuliko wanavyoshikwa wengine, na akina mama wakaanza kunipitia wawiliwawili na ndizi na maswali ya afya yangu, kwa muda wa mwezi mmoja hivi, kisha kila mtu akarudi kwenye mambo yake, ndivyo ilivyo, siwalaumu. Mama Mgaya peke yake ndiye bado anabisha hodi bila sababu.

Ruta sikuirudisha. Umeme ukikatika inazimika kama nilivyostahili, lakini ukiwepo, jamani, ina nguvu ajabu. Jumapili iliyopita Tumaini akapiga, Faraja akatokea kwenye kioo kama yuko sebuleni kwangu, nikaona mpaka pengo la meno mawili yaliyong'oka. Akaruka kamba, safari hii akatua. Akaniimbia. Halafu akasikia wanamwita kula, akaiweka simu juu ya kochi, akakimbia, akasahau kuikata.

Ikabaki inatazama dari. Dari nyeupe, taa moja, na kona yenye utando wa buibui ambao mke wa Tumaini hajauona. Nikawasikia wanavuta viti, sahani, mtoto anaambiwa amalize mboga, Tumaini anaomba pilipili, mtu anacheka sikujua nini kimemchekesha. Nilitaka kuita, jamani niko hapa. Sikuita. Niliiegemeza simu kwenye bakuli la sukari, nikajipakulia ugali wangu, nikala nao, taratibu, ili nisiwatangulie kumaliza.

Lakini nimeapa, nanyi mnishuhudie. Mtu akiniuliza tena mko wangapi, iwe dukani, iwe hospitali, iwe kwa watu wa sensa, nitamjibu mmoja, kwa sauti, hata foleni ikifika barabarani, na atakayenihurumia anihurumie. Na Baba Tumaini sitamwandika tena kwenye fomu ya mtu yeyote. Nikitaka kumwita nitapanda gari niende Igowole nimwite pale alipo, kwa sauti yangu, bila spika.